Lugha ya Amri na Lugha ya Mapenzi: Malalamiko ya Msomaji wa Mara juu ya Riwaya za Mahaba za Zama za Ukoloni

Nia ya makala haya ni kueleza jambo moja ambalo wasomaji wengi wa Afrika ya Mashariki huliona wasomapo riwaya za mahaba zilizotungwa juu ya zama za ukoloni, lakini aghalabu hushindwa kulitaja kwa jina. Huona kwamba kuna kitu kimepungua. Hukifunga kitabu wakasema, "Si kweli," na waulizwapo ni lipi lisilo la kweli, hutaja mavazi, au jina la mlima, au mnyama aliyewekwa mahali asipoishi. Hayo ni makosa madogo. Nionavyo mimi, upungufu mkubwa umo katika lugha. Na kwa kuwa ni wa lugha, yatupasa sisi wanafunzi wa lugha tuueleze.

Jambo lenyewe lilianza nyumbani. Likizo moja ya mwisho wa mwaka nilikuwa Tarime kwa kaka yangu. Binti yake, ambaye yuko sekondari, alinijia na riwaya ya Kiingereza iliyochakaa, yenye picha ya bibi wa Kizungu na jua linalotua juu ya mbuga. Alikuwa amekwisha isoma yote. Akaniuliza, "Shangazi, mbona watu wa kwetu humu hawasemi?" Nikamjibu kwamba wanasema, nikaufungua ukurasa mmoja, nikamwonyesha mtumishi anayejibu. Akasoma kwa sauti: "Ndiyo, bwana." Kisha akanitazama. Sikuwa na jibu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

1. Riwaya zenyewe

Yafaa kwanza tuelewane juu ya riwaya zinazosemwa. Ninakusudia hadithi ambazo mapenzi yake makuu ni ya wageni wawili, au ya mgeni na mtu wa nchi aliyepambwa hata akafanana na mgeni, na ambamo nchi na watu wake hutumika kama pazia nyuma ya wachezaji. Mfano mmoja mashuhuri ni Trade Wind, riwaya ya M. M. Kaye iliyochapishwa 1963, mwaka uleule Zanzibar ilipopata uhuru. Hadithi yake imewekwa Unguja mwaka 1859. Msichana wa Boston awasili kisiwani akiwa na nia ya kuwatengeneza watu, naye akutana na nahodha Mwingereza, mfanya magendo na mwuza watumwa, na mwishowe wapendana. Ni kweli kwamba Unguja ya 1859 ilikuwa bado chini ya sultani wake. Lakini jicho linaloitazama ni jicho la dola.

Mfano wa pili si riwaya, ila umezaa sura nyingi za riwaya. Ni kumbukumbu za Karen Blixen, Out of Africa, za mwaka 1937, na hasa filamu iliyotengenezwa kwazo na Sydney Pollack mwaka 1985, iliyopata tuzo saba za Oscar. Shamba chini ya vilima, ndege ndogo, simba, muziki wa santuri kambini: atakayesoma riwaya za aina hii atakutana na vitu hivyo mara kwa mara, kama msafiri anayekutana na mawe ya maili.

Sitaki kuwadhulumu watunzi hawa. Kaye hakuwa mvivu. Uasi wa Barghash dhidi ya nduguye Majid mwaka 1859, ambao ameuingiza katika hadithi yake, ulitokea kweli. Wala sina ugomvi na mahaba. Mtu asiyependa hadithi ya mapenzi na aseme ukweli kama alipata kuwa kijana. Swali langu ni lile la binti wa kaka yangu: mbona watu wa kwetu hawasemi?

2. Kitenzi kisicho na mtu

Msomaji ajuaye Kiswahili na aichukue riwaya yoyote ya namna hii, apige mstari chini ya kila neno la Kiswahili lililomo. Atakuta majina ya watumishi, majina ya vyakula na wanyama, na vitenzi vichache ambavyo karibu vyote vimo katika hali moja: lete, njoo, ngoja, kimbia.

Hali ya kuamuru ndilo umbo fupi kuliko yote ya kitenzi cha Kiswahili. Halina kiambishi cha nafsi wala cha wakati, na yambwa yaweza kuachwa. Maumbo mengine mengi ya kitenzi cha Kiswahili husema ni nani atendaye: ninaleta, umeleta, wataleta. Katika "lete" mtendaji hatajwi. Anajulikana tu kwa kuwa ndiye anayetazamwa. Wenyeji wa lugha huliona umbo hili kuwa kali, kwa hiyo hulipunguza makali. Humwongeza mtu kwa kusema "niletee" au "leteni", au huliacha kabisa wakatumia umbo liishialo kwa -e: "uniletee", "tafadhali ulete", "naomba uniletee". Mtoto wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba lipo neno la kumwambia mdogo wake, na lipo neno la kumwambia mjomba wake.

Kiswahili cha walowezi, ambacho watu walikiita Kisetla, kilichukua lile umbo fupi kikaacha mengine yote. F. H. Le Breton alitoa kitabu chake, Up-Country Swahili, mwaka 1936, kwa ajili ya walowezi, askari, wachimba madini na wafanyabiashara wa bara, yaani watu waliotaka kuagiza kazi bila mkalimani. Chombo cha namna hiyo kina manufaa yake, na hakimkosei mtu kwa kuwa kidogo. Kosa hutokea mtunzi wa riwaya anapokichukua chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya jikoni na shambani, akakionyesha kana kwamba ndiyo lugha yote ya nchi.

Mimi na binti yule tulifanya jaribio moja. Tuliketi barazani tukatafsiri kurasa chache za riwaya yake kwa Kiswahili sanifu, tukatazama vitenzi. Hasa tulitazama kiambishi -ana, ambacho huonyesha kwamba kitendo kinakwenda na kurudi baina ya watu. Kitenzi chenye -ana hakiwezi kusimama na mtu mmoja peke yake. Mtu mmoja aweza kupenda. Kupendana ni lazima wawe wawili, na kila mmoja wao ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja. Wageni wa riwaya ile walitazamana, walisikilizana, waliachana, walisameheana. Wenyeji walipigana mara moja, wakanong'onezana mara mbili. Hapakuwa na zaidi. Sifanyi takwimu kwa kurasa chache. Lakini mwenye riwaya yake na ajaribu, aone kama atapata tofauti.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichopungua. Riwaya hizi haziwanyimi wenyeji mdomo tu. Zinawanyima sarufi ya mapenzi yenyewe.

3. Mkalimani aliyepotea

Lalamiko la pili ni kwamba katika riwaya hizi watu wote huelewana bila shida. Bibi mgeni ashuka kutoka melini au garini, na kufikia sura ya tatu anazungumza na kila mtu, mpishi, mzee wa kijiji na mchunga ng'ombe, bila ya kuambiwa ni kwa lugha gani.

Tuitazame nchi ninayoijua. Katika wilaya za Tarime na Serengeti na majirani zake husemwa Kikurya, Kingoreme, Kiikoma, Kinata na Kiisenye, ambazo ni lugha za Kibantu. Husemwa pia Kijaluo na Kitatoga, ambazo ni za Kinailoti, lakini za matawi mawili yaliyoachana kitambo kirefu hata wasemaji wake hawaelewani. Upande wa mashariki wapo Wamasai, ambao lugha yao ni ya tawi la tatu la Kinailoti. Mtu aliyetembea siku mbili kutoka ziwani kwenda nyikani aliweza kupita katika lugha nne au tano.

Wala lugha hizo si "milio ya koo", kama riwaya nyingine zipendavyo kuziita. Kikurya, ambacho Jelle Cammenga amekiandikia sarufi, kina jambo ambalo limewashangaza wanaisimu wengi. Wakati wa kitenzi huonyeshwa na viambishi, na pamoja navyo huonyeshwa na mahali inapoanzia toni ya juu. Hesabu hufanywa tangu mwanzo wa shina: katika baadhi ya nyakati toni huanzia mora ya kwanza, katika nyingine ya pili, au ya tatu, na hata ya nne. Mora ni kile kipimo kifupi cha sauti ambacho silabi fupi huwa nacho kimoja na silabi ndefu viwili. Maana yake ni kwamba msemaji wa Kikurya huhesabu wakati kwa wimbo wa sauti yake, pasipo kujua kwamba anahesabu. Mtunzi aisikiaye lugha kama hii akaandika kwamba ni mlio, anatuambia habari za sikio lake mwenyewe.

Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulichora mstari kutoka mto Umba pwani hata ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, kwenye latitudo ya digrii 1 kusini ya ikweta. Mstari huo uliwagawa Wakurya pande mbili. Kiswahili kilifika kwa nguvu pamoja na boma la Mjerumani, na baadaye la Mwingereza, kama lugha ya kodi, ya mahakama na ya jeshi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa usanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Kwa hiyo mzee wa Tarime aliyesimama mbele ya bwana shauri katika miaka ile alizungumza naye kwa lugha ambayo hakuna kati yao aliyeinyonya, au alizungumza kwa kinywa cha mkalimani.

Mkalimani! Huyo ndiye mtu aliyefutwa katika riwaya hizi, na kumfuta ni hasara hata kwa sanaa. Yeye ndiye aliyejua siri za pande zote mbili. Aliweza kulainisha tusi, kuongeza sifa, kuficha neno, au kulisema asivyotumwa. Mapenzi ya watu wawili wasiojua lugha moja, na mtu wa tatu katikati akiyabeba maneno yao, ni hadithi ambayo mtunzi yeyote angeitamani; na ilikuwapo mlangoni pa kila boma.

4. Nchi isiyo na majina

Lalamiko la tatu lahusu Serengeti. Mbuga hii yaonekana sana katika vitabu vya namna hii, ila watu wake hawaonekani. Wapenzi hupanda kilima, huwatazama nyumbu, na mmoja humwambia mwenziwe kwamba hapa hapajakanyagwa na mtu tangu kuumbwa dunia. Msomaji wa Robanda au wa Nata afikapo hapo hucheka, au hukasirika, kwa kadiri ya alivyoamka siku hiyo.

Wajerumani walijenga boma Ikoma mwanzoni mwa karne ya 20, nao hawakulijenga ili kuwatawala nyumbu. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa 1951, na mipaka yake ikabadilishwa 1959. Mwaka huohuo wa 1959 Bernhard Grzimek alitoa kitabu na filamu juu ya Serengeti, kazi aliyoifanya pamoja na mwanawe Michael, aliyefariki katika ajali ya ndege huko huko mwezi wa Januari mwaka ule. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Iliwafanya watu wa mbali waipende nchi hii na wanyama wake, na jambo hilo lina shukrani yake; lakini pia ilieneza sura ya nchi ambayo mwanadamu ndani yake ni mvamizi. Riwaya za mahaba ziliikuta sura hiyo tayari, zikaiazima.

Jan Bender Shetler, katika kitabu chake Imagining Serengeti cha mwaka 2007, ameonyesha kwa masimulizi ya wazee wa upande wa magharibi kwamba ndani ya mipaka ya hifadhi mna mahali pengi penye majina: mahame ya vijiji, mahali pa kuwindia, mahali pa matambiko. Kwa mwanaisimu hili ni jambo zito. Jina la mahali ni sentensi iliyofupishwa. Husema nani alikaa, nini kilitokea, maji yalipatikana wapi. Riwaya inapoandika "kilima" tu mahali penye jina, imefuta sentensi. Na wapenzi wawili wa Kiikoma waliopata kuagana chini ya kilima kile, ambao bila shaka walikuwako, wamefutwa pamoja nayo.

5. Kuoa, kuolewa, na kuuzwa

Lalamiko la nne ni gumu zaidi. Katika Trade Wind nahodha amchukua msichana kwa nguvu na kumwingilia bila ridhaa yake, kwa kisasi, na baadaye msichana huyo huyo ampenda. Wasomaji wengi, wa Ulaya na Marekani pia, wamechukizwa na jambo hilo, na wana haki. Mimi naongeza moja. Sababu ya kisasi ni mwanamke mwingine, Zorah, mama wa mtoto wa nahodha, aliyetendewa jeuri na mwanamume mwingine na kufa. Msiba wake watumika kuisukuma hadithi ya mgeni mbele. Hatuambiwi vya kutosha aliona nini, wala angesema nini.

Lakini tazama historia ya mwaka ule ule na mji ule ule. Katika uasi wa Barghash alikuwamo nduguye Salme, msichana wa miaka kama 15, ambaye alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa sababu alijua kuandika, yeye ndiye aliyewaandikia waasi barua zao. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa ajili ya Mjerumani Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akatoa kumbukumbu zake mwenyewe kwa Kijerumani. Salme naye yumo katika riwaya ya Kaye, ila hadithi isimuliwayo si yake. Binti wa Unguja alikuwa na kalamu mkononi, na riwaya ikapita ikaenda kumtafuta msemaji Boston.

Upande wa bara, riwaya hizi zigusapo ndoa za watu kama Wakurya, husema msichana "ameuzwa" kwa ng'ombe. Neno hili si sahihi, na kosa lake ni la maana za maneno kabla ya kuwa la mila. Kuuza hukata uhusiano: auzaye na anunuaye huachana pale pale. Mahari ya ng'ombe huuanzisha uhusiano. Hufanya watu kuwa wakwe, na ukwe una heshima, madeni na miiko isiyokwisha. Mtu auzaye ng'ombe mnadani hamwiti mnunuzi mkwe.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wa Kiswahili watalifurahia. Vitabu vyetu vya sarufi hufundisha kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Tarime kanuni hii haitoshi. Kwa desturi ya nyumba ntobhu, mwanamke asiye na mtoto wa kiume aweza kutoa ng'ombe na kumwoa mwanamke mwenziwe, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Watu husema kwa Kiswahili safi, "Mama huyu ameoa," na hakuna anayeshtuka. Hapa kitenzi kimepanuka kwa sababu maisha yamepanuka. Riwaya ya mahaba iliyotungwa na mtu ajuaye maana ya sentensi ile ingekuwa riwaya ya namna gani!

Sisemi kwamba ng'ombe hawakuleta machozi. Wapo wasichana waliotolewa kwa watu wasiowataka, na nyumba ntobhu nayo imewaelemea baadhi ya wasichana walioolewa ndani yake. Mtunzi na ayaandike hayo, tena bila woga. Ninachodai ni kwamba msichana huyo awe kiima cha sentensi zake: alikataa, alinyamaza, alitoroka, alirudi, alimzoea, hakumzoea. Kusema "aliuzwa" na kupita ni kumfanya yambwa mara ya pili.

6. Waliolifanya vizuri

Haitoshi kulalamika, yapasa kuonyesha kwamba jambo hili lawezekana. Nataja kazi tatu.

Ya kwanza ni ya jirani zetu wa Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika kwa Kikerewe mwaka 1945 hadithi ya Myombekere na mkewe Bugonoka, na tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ikachapishwa 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Mume na mke hawapati mtoto; ndugu za mume wamtukana mke; wazazi wake wamchukua. Mume aenda ukweni kumwomba, atozwa fidia ya pombe ya ndizi, naye avumilia. Mapenzi hayatangazwi, ila yamo katika kila salamu, katika namna mtu anavyoketi mbele ya mkwewe, katika maneno ya kuomba yaishiayo kwa -e. Wageni wa Ulaya hawana sehemu katika hadithi hiyo, wala pengo lao halionekani.

Ya pili ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1999. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mzee, anaikimbia ndoa hiyo katika Unguja ya miaka ya mwisho ya Mwingereza, na anampenda Denge, mpinzani wa utawala. Hapa mkoloni yumo, yumo na askari wake. Lakini amri ni lugha ya polisi, na mapenzi yana lugha yake, na msomaji huisikia tofauti.

Ya tatu ni Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 2020. Hamza, aliyekuwa askari wa Mjerumani na kufundishwa Kijerumani na afisa wake, arudi mjini na kumpenda Afiya. Barua yake ya mapenzi ni mistari ya Schiller aliyoitafsiri kwa Kiswahili. Afiya aweza kuisoma kwa sababu kaka yake alimfundisha kusoma, na kwa sababu ya kujua kuandika alipata kupigwa utotoni hata mkono ukaumia. Katika barua moja fupi mna vita, ukoloni, tafsiri, elimu ya mwanamke, na haya za kijana. Lugha iliyotumika kumwamuru Hamza imegeuzwa mikononi mwake.

7. Barua ya babu

Nimalize kwa ushahidi wa nyumbani, ambao pia ni ungamo.

Babu yangu mzaa baba alikuwa askari wa K.A.R., akapelekwa Burma, ambako mwaka 1944 askari wa Afrika ya Mashariki walipigana na Wajapani. Yeye na bibi walikuwa wameoana kabla ya safari. Kutoka huko alipeleka barua. Hakujua kuandika, alimwambia mwenziwe kwa Kiswahili cha jeshini, kile walichokiita Kikeya, naye akaandika kwa Kiswahili cha barua. Bibi hakujua Kiswahili. Barua ilisomwa na mwalimu wa shule ya misheni, akaigeuza kwa Kikurya mbele ya ukoo wote uliokaa kusikiliza. Mapenzi yao yalipita hivyo katika vinywa viwili vya watu wengine na lugha mbili.

Bibi alinisimulia kwamba barua ilianza kwa desturi: mimi mzima, hofu ni juu yenu. Ikafuata orodha ya watu wa kusalimiwa, kwa majina, mzee wa ukoo kwanza. Ikauliza juu ya ng'ombe mmoja kama amezaa. Jina la bibi lilikuwa la mwisho kabisa, peke yake, katika mstari wake. "Mwalimu alipolifikia," aliniambia, "alishusha sauti." Hakuongeza neno. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa kwamba mtu anayewekwa mwisho katika orodha ya namna ile ndiye aliyekusudiwa tangu mwanzo.

Nilisikia habari hiyo nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari, nimerudi kutoka ng'ambo na kinasa sauti kukusanya vitenzi vya Kikurya. Ninalo daftari lile hata leo. Mna kitenzi cha kupenda katika nyakati zote, na toni zake nimezitia alama kwa uangalifu: alimpenda leo, alimpenda jana, alimpenda zamani. Bibi alicheka kila nilipomwomba arudie. Nilizima kinasa sauti alipoanza habari ya barua, kwa kuwa niliona si kazi yangu. Wala sikumwuliza jambo ambalo sasa ningetoa mengi nilijue: alimjibu nini? Alimwambia mwalimu aandike maneno gani, naye mwalimu akayafanya vipi kuwa Kiswahili? Bibi amekwisha fariki. Toni ninazo; jibu sina.

Kwa hiyo nikiwalaumu watunzi wa riwaya za mahaba kwamba hawakusikiliza, najijumuisha. Wao walichukua mandhari, mimi nilichukua mora. Lililobaki ni kazi, na si ndefu ya kuieleza. Wazee waliokuwa vijana katika miaka ya mwisho ya Mwingereza wamo bado Tarime na Serengeti, ingawa ni wachache. Wanafunzi wetu waendao huko kukusanya msamiati wawaulize pia walichumbiana vipi, kwa lugha gani, nani alikuwa mkalimani, barua zilisomwa na nani. Na kinasa sauti kisizimwe. Shetler amekwisha onyesha, kwa mkusanyo wake wa mwaka 2003 wa historia zilizoandikwa na watu wa Mara wenyewe, kwamba ghala lipo.

Binti wa kaka yangu nimempa nakala ya kitabu cha Kitereza, na nimemwahidi kumsomea daftari langu. Ameniambia kwamba riwaya yake ya zamani hataitupa, kwa sababu sura ya ndege ni nzuri. Sikuona sababu ya kumkataza. Ila ameanza, kwa penseli, kuandika pembeni ya kurasa yale ambayo watumishi wangesema.